Debe la Chini ya Gunia

Hata sisi wa Nyaishozi, ambao samaki hutufikia akiwa mkavu kama ukuni, tunajua kwamba mmoja akioza kapuni, mnunuzi hahesabu wazima. Huziba pua, akaenda zake. Celestina aliijua methali hiyo tangu utotoni, lakini kuijua methali si kuitii.

Msimu huo kikundi chao cha akina mama kilimwahidi Niyigena, mfanyabiashara kutoka Rwanda, magunia arobaini ya maharage. Kila mwanachama alitakiwa kuleta manne. Asiyetimiza, nafasi yake angepewa mwingine. Gunia la nne la Celestina lilipungua debe moja. Kwa hofu ya kutolewa kikundini, akashusha maharage ya mwaka juzi yaliyokuwa darini jikoni, yaliyotobolewa na wadudu, akayamimina chini ya gunia na kuyafunika kwa mapya.

Siku ya kupakia, Niyigena alishika bambo, kile chuma chenye ncha cha kuchotea nafaka, akaanza kudunga gunia moja baada ya jingine. Bambo lilipozama ubavuni mwa gunia lake, Celestina aliketi chini ghafla.

"Mama, unaumwa?"

"Ni jua tu, baba."

Bambo likatoka na maharage mapya, mekundu, yanayong'aa. Lori likaondoka. Kando ya Celestina, mwanakikundi mwenzake, mjane Adelgunda, aliyechambua maharage yake punje kwa punje wiki nzima, alicheka kwa furaha. "Mungu akipenda, mwaka huu naezeka bati!"

Hofu haikuondoka na lori. Kila injini ilipovuma barabarani, Celestina aliacha jembe akasikiliza. Mara mbili alikwenda hadi mlangoni kwa Adelgunda ili aseme ukweli, na mara mbili akaishia kuomba chumvi.

Siku ya nne lori lilirudi, limejaa vilevile.

"Kule sokoni Rwanda walichemsha maharage ya gunia moja," Niyigena alisema, "wadudu wakaelea juu ya sufuria. Wamekataa mzigo wote. Sasa watanunua kutoka nchi nyingine."

Adelgunda aliweka mikono kichwani. "Yangu nimechambua kwa mikono hii! Nani katufanyia hivi?"

Hakuna aliyemtazama Celestina. Hakuna hata aliyemshuku, na hilo ndilo lililomvunja.

"Ni mimi," akasema. "Gunia lile ni langu. Baba, nakusihi, yarudishe sokoni magunia haya mengine. Waambie mkosaji ni Celestina wa Nyaishozi, wenzangu hawana hatia."

Niyigena akatikisa kichwa taratibu.

"Mama, kule hawamjui Celestina. Nyaishozi nayo hawaijui. Wanachojua ni maharage ya Tanzania."

Wanawake wakaanza kushusha magunia, la kwanza likiwa la Adelgunda, halina hata punje moja mbovu. Ndipo Celestina alipoamini kwamba samaki mmoja akioza, wote wameoza.