Pete ya Konyeza

Habari hii nilisimuliwa kwanza na Bi Siwema, ninayeosha naye vyombo katika maabara ya chuo. Siku hiyo walikuja wageni kutafuta mtu wa kumpeleka mafunzoni. Bwana Lyaruu, fundi wa maabara, aliwaonyesha sahani za vijidudu wanaong'aa kijani, akasema amezimiminia mwenyewe rojo la kuwaoteshea. Nilizimiminia mimi, nikiwa nimemwacha mtoto kwa jirani kabla hajanyonya. Wageni wakasema watarudi kesho. Nikasugua chupa mpaka ikapasuka. Bi Siwema akafunga bomba, akaanza.

Zamani vijidudu wa tumboni hawakuwa na nuru. Walizaliwa na kufa gizani bila kuonekana. Mwenye nuru alikuwa Konyeza, yule mnyama wa baharini mwenye mwili laini kama uji, nayo ilikaa ndani ya pete aliyoachiwa na mama yake. Kijidudu mmoja alimwendea akilia kwamba anaoa na hakuna atakayemwona. Konyeza akamwazima pete. Alimwomba jambo moja tu: akiulizwa, ataje ilikotoka.

Harusini kijidudu akawaka kijani, watu wakaacha kula.

"Bwana harusi, nuru hiyo umeitoa wapi?"

"Nimezaliwa nayo."

"Si ya Konyeza hiyo?"

"Konyeza yupi? Ule uji unaoelea? Tangu lini uji ukawa na nuru!"

Wakacheka mpaka wakashika mbavu. Konyeza alikuwa amesimama mlangoni na zawadi yake. Alitetemeka mwili mzima kwa hasira, akaingia, akadai pete. Kijidudu akaimeza mbele ya macho yake.

"Haya, ichukue sasa!"

"Kaa nayo," Konyeza akasema. "Lakini kila wa ukoo wako atakayeitaka atagandishwa, ataunguzwa, atagandishwa tena. Atakula dawa chungu inayoua ndugu zake, na akiacha kuila, wajukuu wake wataipoteza pete. Na haitawaka mpaka mwingine amlishe sukari. Ujue kwamba nuru hiyo ulipewa!"

Na tangu siku hiyo, huku maabarani, vijidudu hutiwa kwenye barafu, wakazamishwa kidogo katika maji ya moto, wakarudishwa kwenye barafu. Kwenye sahani yenye dawa wengi hufa. Wachache waliopata pete, kile kiduara cha urithi wa Konyeza tunachowatilia, hubaki, nao hawang'ai mpaka tuwatilie sukari yao na kuwamulika kwa taa ya zambarau. Wanaotazama husema, "Vijidudu wazuri hawa!" Konyeza hatajwi.

"Na hasira yote ile," Bi Siwema akamalizia, "mwanangu, pale mlangoni hakusema, 'Konyeza ni mimi.'"

Kesho yake asubuhi, kabla wageni hawajafika, nilimimina rojo katika sahani ishirini. Lilipoganda niligeuza sahani moja moja, nikaandika chini ya kila moja, kwa wino usiofutika, herufi kwa herufi, jina langu: Mboni Shekalage.