Mji Uliobomolewa kwa Simu

Kabla hujaipeleka hii kwenye magrupu yako, isome kwanza mwenyewe. Nakujua, unapenda kutuma vitu ambavyo hujavisoma. Mtumie yeyote umtakaye, ila kama mama yako yu hai, yeye usimtumie. Utaelewa mbele.

Tukuyu mvua ikianza, imeanza. Majira hayo mjane mmoja, Mama Ambakisye, alikuwa akimkalisha mwanawe mkekani na kumjengea miji. Alitumia magunzi ya mahindi, maboksi ya kiberiti na vifuniko vya chupa. Kila nyumba ilikuwa na mwenyewe, kila daraja lilikuwa na kisa chake. Mtoto alikuwa wa pekee na baba yake alishazikwa, kwa hiyo walikuwa wawili tu na miji yao.

Ambakisye akakua, akasoma, akapata kazi kwenye maghala ya bandari huko Ubelgiji. Mwanzoni alipiga simu kila Jumapili. Baadaye akawa anapiga akikumbuka. Hakuwa mtoto mbaya. Wengi wetu ndivyo tulivyo, tusijifanye.

Siku moja mtu aliyerudi likizo alimletea mama boksi kubwa kutoka kwa mwanawe. Ndani mlikuwa na vitofali vidogo vya plastiki, maelfu kwa maelfu, vya kupachikana kimoja juu ya kingine hadi utoke mji ambao haupo popote duniani. Picha ya juu ya boksi ilionyesha minara ya dhahabu, madaraja yaliyopita juu ya maporomoko, na joka lililolala juu ya paa la mfalme. Ni toleo lisilotengenezwa tena, na kuna watu wazima Ulaya wanalitafuta kwa udi na uvumba.

"Mama, usilifungue," Ambakisye alimwambia kwenye simu. "Likishafunguliwa wakusanyaji hawalitaki, kwa hiyo tulifungue siku ya kujenga tu. Na mimi nakuja Krismasi, tutaujenga wote kama zamani."

Mama akalipandisha boksi juu ya kabati la vyombo vya wageni. Akatafuta mchele wa Kyela, akamtenga jogoo. Krismasi ikaja, Ambakisye hakuja. Kazi zimebana, alisema. "Lakini Pasaka nakuja, mama. Hiyo weka akilini."

Pasaka nayo ikapita. Ikaja sababu nyingine, na baada yake nyingine.

"Huyo mwanao anakuja kila siku," alisema jirani, Tusajigwe, mwanamke mwenye mdomo na mwenye huruma kwa pamoja. "Tatizo lake hafiki."

"Atafika," alijibu Mama Ambakisye. "Kasema mwezi wa nane."

Tusajigwe aliguna akaendelea na mboga zake. Lakini alishaona jambo asilolielewa. Kila Ambakisye alipopiga simu na kusema anakuja, Mama Ambakisye aliingia chumbani kwake, akarudishia mlango mchana kweupe, na mle ndani zikasikika kelele za vitu vidogo vikidondoka kwenye makopo. Alipouliza, aliambiwa ni usafi tu.

Miaka ikaenda hivyo. Halafu mwaka mmoja, wakati wa baridi kali, Ambakisye akafika kweli.

Mama alimshika mabega, akampapasa mgongo, akamwambia amekonda. Jamaa alikuwa amenenepa, mkanda umefika tundu la mwisho, lakini ndiyo macho ya mama. Alimlisha ndizi na nyama hadi akaomba msamaha. Kisha kijana akainua macho juu ya kabati.

"Boksi letu lipo! Lete tujenge, mama."

Alipolishusha aliona utepe wa gundi wa mfuniko umekatwa. Uso ukambadilika.

"Mama, umelifungua? Si nilikukataza? Si tulisema tutalifungua wote?"

"Nilitaka kuona rangi," mama alisema, akaangalia chini.

Ndani, vile vifuko vya plastiki havikuwepo. Vitofali vyote vilikuwa kwenye makopo ya siagi, vimetengwa kwa rangi na kwa ukubwa. Mama alisema alivichambua kwenye ungo, kama anavyochambua mchele. Ambakisye alinung'unika kidogo, kisha akafungua kitabu cha maelekezo, ambacho hakina maneno, ni picha tupu. Wakaanza kwenye meza ya chakula, mvua ikipiga bati.

Ambakisye alikuwa akitazama picha, anatafuta kipande, anakosea, anang'oa. Mama hakutazama picha hata moja. Mkono wake uliingia kwenye kopo na kutoka na kile kile kilichotakiwa. Kijana hakulitilia maanani. Alikuwa anaongea habari za barafu na treni, na mama anaitikia, furaha imemjaa.

Walipofika kwenye daraja kubwa, Ambakisye akaanza kupachika kutoka upande wa lango.

"Anzia kule kwenye mnara," mama alisema. "Ukianzia hapo linadondoka."

Mkono wa kijana ukasimama hewani.

"Umejuaje, mama?"

Mama alijifanya anatafuta kitu kwenye kopo.

"Mama. Huu mji umeshawahi kuujenga?"

"Ndiyo."

"Lini?"

"Kila usipokuja."

Ambakisye hakuelewa. Akayatazama yale makopo. "Sasa mbona umo kwenye makopo?"

"Kwa sababu kila ukipiga na kusema unakuja, naubomoa," mama alisema. "Si ulisema tutaujenga wote? Ungeukuta umesimama, ungejenga nini? Basi naubomoa, navitenga, nakungoja. Ile siku ikipita hujaja, nauanza upya, maana nikiujenga ni kama nakusikia hapo mkekani unauliza huyu anakaa nyumba gani. Nilikuwa na hamu na wewe, baba. Hamu ya kuuma." Akaweka kiganja chini ya kifua, mahali inapouma.

"Umeubomoa mara ngapi?"

"Nani alikuwa anahesabu?"

Ambakisye alilia, mtu mzima na ndevu zake. Aliona kila Krismasi aliyoitaja kirahisi huku anasubiri treni, kila Pasaka, kila mwezi wa nane. Kwake lilikuwa neno la kufungia simu. Kumbe huku mama alikuwa anashusha minara.

Waliumaliza mji siku mbili kabla ya safari. Ulijaza meza nzima, na joka likapanda juu ya paa lake. Asubuhi ya kuondoka, begi likiwa mlangoni, Ambakisye alishika mnara wa kwanza akaanza kuung'oa.

"Nakusaidia kuubomoa, mama. Pasaka nakuja, tutauanza upya."

Mama akamshika mkono.

"Uache. Kwa simu sibomoi tena, na kwa mdomo sibomoi. Siku nikikuona umesimama hapo ulipoweka begi, ndipo nitabomoa."

Kijana akauachia mnara, akabeba begi. Akaondoka.

Mji ukabaki mezani, na mama akawa anakula kwenye kigoda. Ambakisye akarudi kupiga kila Jumapili, akawa anauliza afya, mvua, bei ya ndizi. Neno "nakuja" hakulitamka tena. Mama alifurahi kwa zile simu, lakini moyoni aliumia. Alimsimulia Tusajigwe habari yote ya mji, kisha akasema, "Nadhani nilimsema vibaya. Zamani hata kama haji, alikuwa anasema. Sasa hata kusema hasemi."

Tusajigwe, kwa mara ya kwanza, aliziacha mboga zake akaketi naye.

Halafu mchana mmoja wa mvua, Pasaka ikiwa bado, Tusajigwe alikwenda kuomba chumvi. Alipofika barazani alisikia zile kelele, vitu vidogo vikidondoka kwenye makopo. Akasema, maskini, ameamini simu tena. Alisukuma mlango akiwa amejiandaa kumgombeza.

Nusura alikanyage begi. Lilikuwa pale pale mlangoni, halijafunguliwa, linachuruzika maji. Mezani Mama Ambakisye alikuwa anashusha mnara wa dhahabu, machozi yanamtiririka, na mbele yake, koti limelowa chapachapa, mwanawe anamshikia kopo.

Funzo: Kila unapomwambia mtu "nakuja", kuna kitu chake anakibomoa ili upate nafasi, hata kama hakuambii. Kama hujakata tiketi, usiseme. Na kama unampenda, kata tiketi, neno lenyewe ukaliseme ukiwa mlangoni.