Muadhini Aliyeonja Halua

Imepokewa katika habari za watu wema waliotutangulia, Mwenyezi Mungu awarehemu wote, kwamba katika mji mmoja wa nchi ya Iraki aliishi muadhini jina lake Dhakwani. Alijaaliwa sauti. Akiadhini, muuza nyama huacha kisu, na wanaogombana hunyamaza kwanza. Alikuwa mtu wa swala na saumu, na mchamungu kweli. Ila halua.

Sokoni palikuwa na mjane mmoja, Bi Shumaysa, aliyekoroga halua nyeusi ya tende na samli. Desturi ya soko ilikuwa mteja aonje kwanza ndipo anunue. Dhakwani akaishika nusu ya desturi. Alionja, akatikisa kichwa kama mtu anayefikiri, akazunguka nyuma ya kibanda, akarudi kuonja tena. Kununua, hapana. Na moyoni hakuona kosa, kwa kuwa jambo lenyewe alikwisha kulipa jina zuri: kuonja. Mimi nasema waziwazi, asiyetaka asisome: anayeonja bila nia ya kununua ni mwizi, hata akiwa na tasbihi mkononi.

Basi siku moja, alasiri ikikaribia, Bi Shumaysa aligeuka kuchochea moto. Dhakwani akakata pande zima la halua, akalitumbukiza ndani ya mkono wa kanzu. Hajapiga hatua, kanzu ikavutwa.

"Shekhe Dhakwani! Umebeba nini humo?"

Kwa hofu akafanya ujinga ambao hata mtoto asingeufanya: akalitia pande lote mdomoni.

"Naohja," akasema.

"Unaonja? Kwa mashavu yote mawili?"

Hakungoja. Wakati wa swala ulikwisha ingia, akakimbia mpaka mnarani, akaweka mikono masikioni, akavuta pumzi. Halua ilikuwa imegandamana na meno juu na chini. Mji mzima ukasikia, "Mmmm!" Kisha kimya.

Imamu wao, Shekhe Utba, akaadhini mwenyewe kwa sauti yake ya kikohozi. Swala ilipokwisha watu wakamzunguka Dhakwani. "Una nini, ndugu yetu? Unaumwa?" Naye akaweka kiganja shavuni, akafumba macho. Mdomo haukusema uongo. Mkono ndio uliosema.

"Maskini, jino!" wakasema. Wakamwombea dua, mpaka wengine wakatokwa na machozi. Bi Shumaysa alikuwa upande wa wanawake. Alisikia yote, akanyamaza, maana aliona aibu ya mja si bidhaa ya kutembeza.

Kumbe palepale yupo Jundub, kinyozi na mng'oa meno, mtu mwepesi wa kusaidia kuliko anavyoombwa. Akatoa koleo kwenye mfuko.

"Kaa hapa, ami. Lipi linalokusumbua?"

Dhakwani akalitazama koleo. Akafikiri: nikisema kweli, mnara sitaupanda tena, na watu watanicheka mpaka kaburini. Nikinyamaza, nitapoteza jino moja, na meno ninayo mengi. Halua ilikuwa imeyeyuka sasa, ulimi uko huru. Akanyoosha kidole kwenye gego zima, jeupe, lisilo na hata doa.

"Hili?" Jundub akashangaa. "Haya, sema Bismillahi."

Hapo ndipo Dhakwani alipokwama. Jino alikuwa radhi kulitoa. Lakini kulitaja jina la Mola wake juu ya uongo ule, ulimi ulikataa.

"Sema basi, mkono unachoka!"

"Weka koleo lako, Jundub," akasema. "Sina jino bovu. Nina tabia mbovu." Akawasimulia yote.

Msikiti ukaangua kicheko, kisha ukaona haya, kisha ukacheka tena. Mzee mmoja akafoka kwamba mtu huyu asiukaribie mnara. Dhakwani akasema, "Kweli, nisiukaribie." Shekhe Utba akasema, "Mwenye haki ni Bi Shumaysa. Nenda kwake."

Dhakwani akaenda kibandani mchana kweupe, watu wakimtazama. Akainamisha kichwa.

"Mama, nihalalishie."

"Nikuhalalishie nini?"

"Nilichoonja."

"Hicho sikijui."

"Nilichoiba, mama. Cha leo na cha siku zote."

"Sasa tunaelewana," akasema Bi Shumaysa, akamkabidhi mwiko. "Nimekuhalalishia kwa Mungu. Hapa duniani utanikorogea, bega langu limechoka."

Akakoroga. Alikoroga akiwa amefunga, ili asijaribiwe, na jasho likimtiririka. Wateja wakamtania, "Shekhe, leo hujaonja?" Naye akajibu, "Mimi siku hizi nakoroga tu, baba. Kuonja ni kwenu mnaonunua." Wakacheka, naye akacheka nao, na akashangaa kwamba kicheko alichokiogopa kiasi cha kutoa jino hakimuumizi hata kidogo.

Haikupita muda, Bi Shumaysa akaja msikitini na hasira zake.

"Shekhe Utba, mrudishe mtu wako mnarani!"

"Ameiba tena?"

"Afadhali angeiba! Kila wakati wa swala ukiingia, anaadhini juu ya sufuria yangu. Wateja wanaacha halua, wanakimbilia kutawadha. Sijauza kitu!"

Yule mzee aliyefoka ndiye aliyekuwa wa kwanza kucheka, na ndiye aliyemshika Dhakwani mkono, akamfikisha mpaka kwenye ngazi.

Ewe msomaji, kukamatwa ni uchungu, sikudanganyi. Lakini tazama ni kipi kilichomtesa mja yule. Si mwiko, wala maneno ya watu. Ni ule muda mfupi alipokaa mdomo wazi mbele ya koleo, akilinda jina zuri la kitendo kibaya. Dhambi iite kwa jina lake, uombe radhi kwa mwenyewe, kisha ukamate mwiko. Mwenyezi Mungu atujaalie ndimi zinazokataa uongo hata sisi tukiwa tumeukubali. Amin.