Pimbi Aliyekwenda Kumtania Tembo Msibani

Paukwa!

Pakawa!

Wa mkekani nimewasikia. Wa mlangoni je? Paukwa!

Pakawa!

Haya, sogeeni. Hapo zamani za kale, wanyama walipokuwa bado wanasalimiana kabla ya kulana, palikuwa na mto wa mchanga. Masika maji yake yalipita juu. Kiangazi maji yalijificha chini. Na wa kuyachimbua alikuwa mmoja tu, naye ni Tembo. Tembo akija anapiga mguu, puu! puu! Anavuta mchanga kwa mkonga, anautupa kando. Maji yanatoka. Anakunywa yeye, wanakunywa wanawe, wanaondoka. Wanyama wengine wanakunywa palepale alipochimba. Hakuna aliyewahi kumwambia ahsante. Walidhani ni mto unaowapa.

Karibu na mto palikuwa na mlima wa mawe. Juu ya mawe alikaa Pimbi na mkewe. Pimbi mnamjua. Ukubwa wake ni wa sungura aliyenyang'anywa masikio. Mkia hana. Shingo anayo, lakini huwezi kuonyesha inapoanzia.

Basi Pimbi huyu alikuwa na neno moja, kila siku hilohilo.

"Mimi na Tembo ni mabinamu."

"Nani kakwambia?"

"Bibi yangu."

"Na bibi yako kaambiwa na nani?"

"Na bibi yake."

Wanyama wanacheka mpaka wanakaa chini. Ngiri, ambaye ulimi wake haukuwa na kufuli, anamwambia, "Binamu wa Tembo, Kiboko anakuulizia. Anasema wewe ni baba yake mdogo."

Pimbi anafungua kinywa. "Yaoneni meno yangu haya ya mbele. Yanakua, hayaachi kukua. Zioneni kucha zangu, zimelala bapa kama za Tembo. Na mke wangu akishika mimba anaibeba miezi saba na zaidi. Sungura mwenye umbo kama letu anabeba mwezi mmoja. Kwa nini?"

"Kwa sababu ninyi wavivu," anasema Sungura.

Wanacheka tena. Pimbi anarudi kwenye mawe yake.

Lakini moyo wa mtu ni chumba, na anayejua kilichomo ni mwenyewe na Mola wake. Ndani ya moyo, Pimbi hakuwa na hakika. Hakuwahi kumwuliza Tembo. Alikuwa akijisifu kwa jina la Tembo, na Tembo mwenyewe akitokea, Pimbi anaingia kwenye ufa wa jiwe, chwe! Anakaa humo mpaka vishindo vipite. Alikuwa anaogopa siku ambayo Tembo atasema mbele ya watu, "Huyu simjui."

Ukaja mwaka mmoja mbaya. Jua likawaka. Majani yakakauka, yakawa kama karatasi. Mke wa Pimbi alikuwa mjamzito, mimba imekwisha komaa, na midomo yake imepasuka. Wanyama wakakaa kando ya mto wa mchanga wakimngoja Tembo.

Tembo akaja. Akaja na wanawe na watoto wa dada yake. Wanyama wakasimama kwa furaha. Tembo akashuka ukingoni, na pale ukingoni akakuta mifupa.

Ilikuwa mifupa ya dada yake mkubwa, aliyefia pale mwaka uliopita. Nyama ilikwisha zamani. Imebaki mifupa, myeupe, imetulia. Tembo akasimama. Akanyoosha mkonga, akagusa fuvu, taratibu, su... su... Akagusa taya, su... su... Hakuchimba. Hakula. Hakulia. Akasimama tu. Na mkubwa akisimama, wote wamesimama. Mtoto wake mdogo akatia ncha ya mkonga kinywani akainyonya, kama mtoto wa mtu anavyonyonya kidole.

Wanyama wakaenda kutoa pole, maana adabu ni adabu hata mwenye kiu anayo.

Twiga akainamisha shingo. "Pole, Bi Tembo. Kazi ya Mungu haina makosa."

"Ahsante," akasema Tembo. Akasogea karibu zaidi na mifupa. Su... su...

Punda Milia akaja. "Pole, Bi Tembo. Sote njia yetu ni moja."

"Ahsante." Akasogea zaidi. Su... su...

Kila pole ilivyozidi, naye alizidi kusogea. Mwisho akawa amesimama katikati ya mifupa, na hakuna pa kumvutia. Mchanga ukabaki mkavu. Fisi alikuwa amelala mbali kidogo, ametulia sana. Yeye hakutoa pole. Alikuwa anaitazama mifupa.

Jioni ile Ngiri akawaambia wenzake, "Jamani, sisi tunamzamisha. Mfiwa akizidiwa hapewi pole. Anaitiwa mtani."

"Mtani ndiye nani?" akauliza Sungura.

"Ni yule anayekuja msibani kukutukana, nawe humkasirikii. Anauliza chakula kiko wapi. Anamsema marehemu. Anakusema wewe. Mpaka ucheke, na ukicheka ndipo unalia, na ukilia unapona. Mtani wa Tembo ni binamu yake. Nani hapa binamu wa Tembo?"

 Kisha Kifaru akajitokeza.

"Ni mimi. Tazameni ngozi. Tazameni kimo. Hili mnaliuliza nini?"

Akaenda. Akasimama mbele ya Tembo, akapaza sauti, "We Tembo! Hayo masikio, umeanua nguo za nani?"

Tembo akageuka.  Akamtia pembe ubavuni, akamsukuma. Pu! Kifaru akaangukia kwenye miiba.

Akarudi anachechemea.

"Vipi?" akauliza Ngiri.

"Amenijibu."

"Amekujibu nini?"

"Amenijibu kwa pembe."

Wakamgeukia Kiboko, naye mnene. Kiboko akasema hapana, yeye ndugu yake ni Nyangumi, yuko baharini. Wanyama wakatazamana. Wakaona kiu imempanda kichwani, wakamwacha apumzike.

"Ngiri, wewe una pembe kinywani," akasema Twiga. "Nenda wewe."

Ngiri akamtazama Kifaru anavyong'olewa miiba. Akasema, "Pembe hizi ni za upande wa mama."

 Halafu Ngiri, bila kucheka safari hii, akauliza, "Binamu wa Tembo yuko wapi?"

Wote wakatazama mlimani. Kwenye ufa wa jiwe palionekana pua moja. Ile pua ikaingia ndani, chwe!

Ndani ya ufa, Pimbi alikaa karibu na mkewe.

"Wanakuita," akasema mke.

"Nimesikia."

"Huendi?"

"Mke wangu, nikueleze ukweli. Mimi nimekuwa nikijisifu. Sungura nilimhamisha kwenye majani mazuri kwa kumwambia binamu yangu Tembo atakuja. Na huyo binamu sikuwahi hata kumwamkia. Dada yake alipokufa sikwenda. Nilijificha humuhumu. Sasa kama bibi alisema uongo, nitakanyagwa. Na kama alisema kweli, basi nilimwacha ndugu yangu peke yake na msiba."

Mke akalamba midomo yake iliyopasuka. "Lipi linakuogopesha zaidi?"

Pimbi akafikiri. "La pili."

"Basi nenda. La kwanza, ukikanyagwa, nitawaambia watu ulikuwa na adabu."

Pimbi akatoka. Akashuka jiwe kwa jiwe, tifu, tifu, tifu. Wanyama wakampisha. Hakuna aliyecheka. Akafika kwenye mifupa, akasimama chini ya Tembo kama kiatu kilichosahaulika.

Akakohoa. Sauti ikatoka nyembamba.

"We Tembo! Nimesikia hapa kuna msiba. Nimekuja kula. Chakula kiko wapi?"

Masikio ya Tembo yakaacha kupepea.

"Hakuna chakula? Msiba gani huu? Mwenyewe najua unakula mchana na usiku, na nusu ya unachokula inatoka kama ilivyoingia. Hilo tumbo au njia ya kupita?"

Tembo akageuka. Kivuli chake kikamfunika Pimbi mzima, na mawe ya jirani pia. Twiga akafumba macho.

"Jitu zima, mwili kama mlima, nyuki akilia nziii unakimbia umeinua mkia! Na kuruka hujui! Chura anaruka, panzi anaruka, wewe kijiti kikilala njiani unakizunguka! Hata dada yako huyu, Mungu amrehemu, hakuwahi kuruka. Mlirithishana!"

Tembo akainua mguu.

Tii. Hata Fisi aliacha kuhema.

Pimbi akaona wayo juu yake, mpana kama kinu kilichopinduliwa. Akaona na kucha, zimelala bapa, mbele ya mguu. Akasema moyoni, "Mola wangu, nilijisifu. Nisamehe. Na bibi msamehe, kama naye alijisifu." Akafumba macho.

Mguu haukushuka.

Akasikia sauti, nzito, ya taratibu, kama inatoka kisimani.

"Na ninyi... ukoo wenu mzima mnakwenda choo mahali pamoja. Tangu enzi za bibi wa bibi zenu. Ule mlima wenu si wa mawe. Ni wa mavi."



"Amemjibu," akanong'ona Kifaru.

Pimbi akafumbua jicho moja. "Umesemaje wewe?"

"Nimesema ni wa mavi. Na mkeo anabeba mimba miezi saba kumzaa mtu kama kiazi."

"Wewe je? Unabeba karibu miaka miwili! Ndani humo unamkuza mtoto au unajenga ghorofa?"

Tumbo la Tembo likatetemeka. Mmmmm. Ardhi ikatetemeka nayo. Mmmmm! Mawe madogo yakaruka. Tembo alikuwa anacheka. Akacheka akapepea masikio, akacheka akapiga mchanga kwa mkonga. Kisha kicheko kikavunjika katikati, kikawa kilio. Akalia kwa sauti, na wanawe wote wakalia naye. Walikuwa hawajalia tangu wafike.

Mola anisamehe, nami hapa ningecheka, na ni msibani.

Tembo alipotulia, akashusha mkonga mpaka usoni pa Pimbi. Akamnusa. Akagusa yale meno yake mawili. Su... su...

"Binamu," akasema. "Siku zote ulikuwa wapi?"

Pimbi akainamisha kichwa. "Nilikuwa palepale kwenye mawe. Niliogopa utasema hunijui."

"Bibi yangu alikuwa akituambia, 'Binamu zenu wako kwenye mawe, wadogo, wanapiga kelele.' Kila nikipita nilikuwa nikitafuta. Nikaona labda mmetukataa kwa sababu sisi wakubwa mno."

 

Mwisho Tembo akasema, "Kiu ninaisikia, na watoto ninawaona. Lakini nikishuka mtoni, nani atabaki na dada? Fisi yule kule anasubiri. Anatafuna mpaka mfupa."

Kila mtu akamtazama Fisi. Fisi akatazama pembeni, kama mtu aliyetajwa kwa makosa.

Pimbi alitamani kurudi kwenye ufa wake. Miguu ilikwisha geuka. Lakini mtani akishatoa matusi yake, hana budi kufanya kazi ya msiba. Ndiyo desturi.

"Nitabaki mimi," akasema. "Nitakaa juu ya jiwe lile. Macho yangu Mola ameyapa uwezo wa kulitazama jua bila kuumia. Fisi akija nitamwona, na Tai akitokea upande wa jua nitamwona. Nikimwona nitapiga kelele."

"Kelele mnazijua," akasema Tembo. "Hilo bibi hakudanganya."

Tembo akashuka mtoni. Puu! Puu! Mchanga ukaruka. Maji yakachomoza, kwanza mekundu, kisha meupe. Watoto wakanywa. Wanyama wakanywa, na kila aliyekunywa alisema ahsante, kwa sababu sasa walijua anayewapa. Pimbi alikuwa juu ya jiwe, koo kavu, anatazama jua. Fisi akanyata mara moja, ta... ta... ta... Pimbi akapiga kelele, "Kwiii! Kwiii!" Tembo akainua kichwa tu. Fisi akakumbuka ana mgeni nyumbani.

Kisha Tembo akajaza mkonga, akapanda ukingoni. Akapita mifupa. Akafika kwenye mlima wa mawe, akamimina maji kwenye shimo la jiwe, chwaaa! Mke wa Pimbi akanywa mpaka akaegemea. Usiku ule akazaa. Watoto walitoka macho wazi, manyoya tayari, wanakimbia siku ileile. Ngiri akaenda kuwaona. Akatazama akasema, "Kweli ni viazi." Pimbi akamjibu, "Wewe nyamaza. Wewe si binamu."

Tangu siku ile, tembo akikuta mifupa ya tembo mwenziwe husimama. Huigusa, su... su... Kisha huondoka. Na ukipita penye mlima wa mawe utamwona pimbi mmoja amekaa peke yake juu kabisa wenzake wakila, anatazama jua. Yuko zamu.

Watoto na wakubwa, maana ya ngano yangu ni hii. Undugu Mola hakuuandika kwenye ngozi wala kimo. Na ndugu yako akifiwa, nenda. Usikae kwenye ufa ukiogopa kwamba atakukana, maana naye huenda yuko huko nje amesimama, anakutafuta.

Hadithi yangu imeishia hapo, juu ya jiwe. Anayeitaka akaichukue. Pimbi yuko macho.