Kitambaa Kisichoshikwa

Paukwa!
Pakawa!
Sauti gani hiyo, hamjala? Paukwa!
Pakawa!

Haya. Palikuwa na majabali, na kwenye majabali waliishi pimbi, vinyama vidogo visivyo na mkia wala ubavu wa kupigana. Desturi yao kulala rundo moja, shavu kwa shavu, na asubuhi wote kujifuta uso kwa kitambaa kimoja. Raha tupu!

Siku moja Tunu, mtoto wa Mama Pimbi, akaamka hafungui macho. Kope zimegandana, tongotongo zimejaa.

"Mama, mbona giza?"

"Ni macho mekundu, mwanangu. Tena yanaambukiza."

Mama Pimbi akamkatia Tunu kipande cha kitambaa, cha peke yake. Akambeba, wakahamia jabali la mbali. Siku ya kwanza Tunu akauliza, "Wenzangu wako wapi?" Siku ya pili akauliza, "Wenzangu wako wapi?" Siku ya tatu hakuuliza. Hapo ndipo mama mtu alipolia.

Dawa ya zahanati alikuwa nayo, ila maji safi ya kumwoshea hana. Chemchemi ilikaliwa na Fisi, na mtoto akikaa hivyo macho yataharibika.

"Shikamoo, Mzee Fisi. Naomba maji, mtoto anaumwa macho."

"Umeniletea nini?"

"Sina kitu."

Fisi akanusa, nuf, nuf, nuf! "Na hicho unachoficha mgongoni?"

"Chukua chochote, baba, ila si kitambaa hiki! Ni cha mtoto. Hakishikwi na mwingine!"

Kaambiwa ukweli mtupu, jamani! Lakini Fisi kusikia hakishikwi, mate yakamdondoka, do, do, do! Akakipokonya, akajifuta macho, pua, mpaka masikio.

"Changu sasa! Na maji hupati!"

Mama Pimbi akaondoka zake polepole, wala hakubisha.

Keshokutwa yake, macho ya Fisi yamegandana, ndi! Anapapasa, anajigonga mitini, pu! "Nani yupo hapo?" Mama Pimbi akachota maji, akayachemsha, akayaacha yapoe. Akanawa mikono, akamwosha Tunu kutoka puani kwenda nje, kila jicho na kitambaa chake kipya, akamtia dawa. Leo hivyo, kesho hivyo, mpaka macho yakatakata. Tunu akakimbilia rundo lake, wenzake wakampokea, wii, wii!

Mama mtu alikuwa nyuma yake. Akasimama. Jicho lake lilikuwa linawasha, kama limeingia mchanga. Akageuka, akarudi jabali la mbali, akakaa peke yake mchana kutwa. Upweke ukamshika hasa.

Sauti ikatoka chemchemini. "We Mama Pimbi! Upo?"

"Nipo."

"Basi ongea, japo kidogo."

"Nawa mikono kwanza."

"Nimenawa."

Wakaongea, huyu huku, yule kule, mpaka jua likashuka.

Hadithi naitua hapa, atakaye aibebe. Na fundisho lake: ukiumwa macho, mgawie jirani kitambaa chako. Angalau utapata wa kuongea naye.