Kwa Nini Tini Ikiiva Huinamisha Shingo

Nipisheni nikae, goti langu leo halitaki mchezo. Nimewasikia. Mmepita uani kwangu mkauona mtini wangu umesimama kwenye kifusi, jua linauchoma, mkacheka: bibi huyu mvivu, hata mti wake hautunzi. Haya, chekeni mmalize, kisha mnisikilize. Hasa wewe bibi harusi, uliyeutia mche wako chunguni ukaufunika kanga. Nitakueleza kwa nini hapa Mkungumeni tunaupanda hivi, na kwa nini tini ikiiva hutazama chini.

Hapo kale mtini ulikuwa mti wa ndani. Ulipandwa uani penye kivuli, ukaezekewa makuti juu, kwa sababu watu wetu walisema ni mti wa kike, na mwari hapigwi na jua. Tini zake zilisimama wima kama vidole gumba, tangu changa mpaka zinaanguka. Na palikuwa na ada. Mtoto wa kike akizaliwa, kitovu chake kilizikwa chini ya mtini. Akiposwa, mama yake alichuma tini za mti ule akampelekea mama mkwe azionje. Zikipendeza, harusi. Zikikataliwa, mwari alirudi chumbani mwaka mzima kungoja nyingine. Zikikataliwa mara ya pili, posa imekufa, wala hakuna wa kuifufua.

Sasa, palikuwa na mjane mmoja, Bi Mize, aliyekuwa na binti mmoja tu, Mwanashaha. Binti akaposwa na Makame, mchimba visima, na alimtaka kijana yule mpaka chakula hakipiti. Mama yake Makame aliitwa Bi Shumbana, mwanamke asiyejua kusema kitu ni kitamu kama si kitamu. Mnawajua wa namna hiyo. Wengine mmeolewa kwao.

Bi Mize aliulea mtini kama alivyomlea mwanawe. Samadi ya mbuzi kila wiki, udongo mweusi kutoka bondeni, maji asubuhi na jioni, makuti mapya juu lisipenye jua hata la kuanikia ushanga. Mti ukanenepa, majani kama sinia! Tini nazo zikawa kubwa, zikajaa maji, nyingine zikapasuka zingali mtini. Mize akazipanga sahanini, akazifunika kwa kawa, akaenda na furaha zake. Bi Shumbana akauma moja, akatafuna, akaitema kiganjani.

"Mize," akasema, "haya ni maji yamevaa ganda."

Mize akarudi nazo nyumbani, na Mwanashaha akarudi chumbani. Na Mize akafanya nini? Akaongeza samadi! Akaongeza maji! Ndivyo tulivyo wanawake wa mji huu, kitu tukikilea kikadhoofu, tunadhani hakijalelewa vya kutosha.

Mwaka wa pili masika yalikuja na hasira. Ikanyesha siku tisa, na siku ya tisa ukuta mkubwa wa mawe na chokaa, ule uliotenga chumba cha mwari na ua, ukaporomoka wote. Mwanashaha alikuwa jikoni, hakupata hata mkwaruzo. Lakini makuti yalipasuka yakaenda zake, na shina la mtini likafunikwa kifusi mpaka kiunoni. Mize akachimbua kwa mikono siku tatu, kucha zikang'oka. Majirani nao walikuwa na kuta zao za kuinua. Akakaa kitako juu ya mawe akalia kilio cha mtu aliyeshindwa. Maji yakimwagwa yalipotelea mawemawe, samadi haikuwa na pa kukaa. Akaacha.

Mwari hakuwa na chumba tena. Basi akawa anakaa palepale juani, yeye na mti wake, na ukuta mweupe wa jirani ukiwarudishia joto mchana kutwa. Mama alijifunika uso kwa aibu. Lakini msichana alianza kula, akaanza kucheka.

Mvua zilipokwisha, jua likawaka wiki baada ya wiki. Tini zikatoka chache, ndogo, nyeusi. Asubuhi moja Mize akatazama, akaona zote zimelegea shingo, zimeinama, ngozi imejikunja. Akapiga yowe. "Zimekufa! Mwanangu, zimekufa!"

"Mama," Mwanashaha akasema, na midomo yake inang'aa, "mimi nimeshakula tatu. Hebu onja."

Mize hakuthubutu kuonja. Alichuma tatu akazipanga zilivyo, akaenda huku sahani inagongana na bangili zake. Bi Shumbana akafunua kawa. "Mize! Umeniletea kokwa?" Akatia moja mdomoni. Akatia ya pili. Akatia ya tatu, akalamba vidole, kisha akaitazama sahani tupu kama mtu aliyeibiwa.

"Na nyingine ziko wapi?" akauliza. "Au mnataka nimwoze mwanangu kwa tatu?"

Vigelegele vilianzia pale mlangoni vikavuka mitaa miwili. Mize hakuvisubiri. Alikimbia mpaka uani kwake, akaukumbatia mtini, akalia tena, lakini safari hii kifua kilikuwa chepesi. Chozi lake moja likadondokea kwenye tundu la tini iliyosalia, pale chini, likaganda likawa asali.

Na tangu siku hiyo mtini hapa kwetu hupandwa kwenye kifusi na chokaa, mahali jua linaposhinda kutwa, na haulishwi mpaka ukavimbiwa. Tini ikiiva huinamisha shingo, na kwenye tundu lake utakuta chozi tamu. Na mwari wa Mkungumeni hafichwi jua tena. Kila asubuhi hukaa nje na mtini wake.

Kwa hiyo wewe bibi harusi, kautoe huo mche chunguni. Kifusi chukua changu, ninacho kingi. Huyo Mwanashaha ndiye aliyemzaa bibi yangu, mimi naitwa jina lake. Ndiyo maana kila masika, nikisikia ukuta umeanguka mahali, nauliza kwanza kama watu wamesalimika. Nikiambiwa wamesalimika, nashukuru, kisha nakwenda kutazama umeangukia nini.