Mzee Kirtinath na Nyimbo Alizozionea Haya

Paukwa!

Pakawa!

Walioko nyuma sijawasikia. Paukwa!

Pakawa! Tumekaa, tupe hadithi!

Zamani hizo, kabla babu za babu zetu hawajaota ndevu, palikuwa na kijiji katika nchi ya Mithila, mbali huko Bara Hindi. Nchi ya mabwawa. Ukitoka mlangoni, bwawa. Ukizunguka nyumba, bwawa. Watu wake walisema Kimaithili. Walisali kwa Kimaithili, walibembeleza watoto kwa Kimaithili, na walipogombana kwa Kimaithili, ndege walihama miti.

Lakini shuleni? Shuleni hapana. Shuleni ilisemwa lugha ya ikulu. Mtoto akiomba maji kwa maneno ya mama yake, fimbo. Chwa! Na mtoto mdogo, siku yake ya kwanza, maneno ya ikulu atayatoa wapi? Anakaa na kiu yake mpaka jua linashuka.

Kijijini hapo aliishi mwalimu mmoja, Kirtinath. Amesoma, huyo! Lugha ya ikulu aliijua kuliko watu wa ikulu. Siku moja binti yake Indu alirudi kutoka shule midomo imekauka, hataki kusema. Kirtinath akamtazama. Akavaa viatu. Nawaambia, ni kama hakuvivua tena kwa miaka thelathini.

Chapa, chapa, chapa, matopeni, mpaka mjini, kwa Mkuu wa shule zote.

"Bwana Mkuu, naomba watoto wadogo wafundishwe kwa Kimaithili."

Mkuu akatabasamu. Hakuwa mtu mbaya. "Mwalimu, ile ni sauti ya jikoni. Ina kamusi?"

"Haina."

"Nenda salama."

Chapa, chapa, chapa, akarudi. Akaanza kukusanya maneno. Kwa wavuvi akauliza, kwa wafinyanzi akauliza, kwa wakunga akauliza. Akiketi kula, anainuka.

"Baba Indu, wali unapoa," mkewe anamwambia.

"Kuna mzee ng'ambo ya mto anajua majina ya samaki ambayo hapa hatuna. Nasikia anakohoa."

"Na wewe utakohoa. Kaa ule."

Hakai. Alikwishafika kwa mzee mmoja akakuta kuni alizochomewa maiti yake, kwa desturi ya kwao, bado zinafuka moshi, na maneno yote yamekwenda na mwenyewe. Tangu hapo hakuweza kutulia. Kila kikohozi alichosikia njiani kilimshtua kama mlango unaofungwa.

Miaka kumi na mitano. Kamusi ikakamilika, nene kama mto wa kulalia. Chapa, chapa, chapa, mpaka mjini. Mkuu wa kwanza amestaafu, yuko wa pili.

"Kamusi nimeiona, Mwalimu. Lakini lugha bila fasihi ni orodha tu. Mashairi yako wapi?"

"Yapo."

"Yalete."

Ndevu zimeanza mvi, akatoka tena. Akatafuta tenzi za kale zilizochorwa kwenye majani makavu ya mvumo, nyingine zimeliwa na mchwa nusu. Akatafuta nyimbo za kumsifu Mungu, na nyimbo za mapenzi, zile za adabu. Akaandika, akaandika, mguu mmoja ukitikisika chini ya meza.

Mkewe alikuwa anasaga nafaka. Gruu, gruu, gruu. Akasimamisha jiwe.

"Na zetu je?"

"Zenu zipi?"

"Nyimbo za matusi. Za harusi."

Hapa niwaeleze, maana nyie si watu wa kule. Kwao Mithila, wageni wa upande wa bwana harusi wakiketi kula, wanawake wa upande wa bibi harusi huwaimbia matusi. Mmoja mmoja, kwa jina. Pua yake, tumbo lake, ukoo wake. Asiyetukanwa hajaheshimiwa. Ndiyo karibu yao hiyo.

Kirtinath akaona haya. "Zile si za kitabu, Mama Indu."

Mkewe akamtazama kidogo. Gruu, gruu, gruu, akaendelea kusaga.

Miaka mingine kumi na mitano. Kitabu kikaisha. Mjini yuko Mkuu wa tatu, Bwana Harinandan, mtu mnene mwenye masharubu. Alikizuia kitabu mwezi mzima, kisha akaleta ujumbe: "Nimekisoma. Mpwa wangu anamwoa mjukuu wako, binti wa Indu, nami nitakuja na msafara wa harusi. Nikishakula, nitakupa jibu."

Ehe! Mnaona mambo hayo? Kirtinath hakulala, hakula. Alizunguka ua mpaka kuku wakachoka kumpisha. Watoto wa miaka mingapi wamekaa na kiu? Na jibu linakuja na sahani ya wali!

Asubuhi ya karamu akawaita wanawake.

"Mama zangu, leo anakula Mkuu wa shule. Naomba sana, msimtukane. Imbeni wimbo mzuri wa dini, wa lugha ya ikulu. Aone kuwa sisi ni watu."

Wanawake wakaangaliana. Shangazi mmoja akauliza, "Kwani siku zote tulikuwa nini?"

Mkewe akarudi jikoni kuchambua mchele.

Mchana wageni wakafika. Ndu! Ndu! Ndu! Ngoma mbele, Harinandan nyuma. Wakaketi safu kwa safu. Majani ya mgomba yakatandikwa. Wali, dengu, samaki, mtindi. Wanawake wakaanza wimbo wa ikulu, taratibu, kama watu wanaovuka tope kwa viatu vya kuazima.

Wageni wakasikiliza. Wimbo ukaisha.

Wakangoja.

Hakuna mkono ulioshuka kwenye wali. Inzi walisikika. Baba wa bwana harusi akakunja uso, akamnong'oneza Harinandan. Harinandan akatazama jani lake.

"Karibuni mle," Kirtinath akasema. Akawasogezea mtindi.

"Tule vipi, Mzee?" akajibu baba wa bwana harusi. "Tumekuja mwendo wa siku mbili. Hakuna aliyetutukana hata kidogo. Kama hamtutaki, semeni, tumrudishe kijana wetu."

Masikini Kirtinath! Akafungua kinywa. Kamusi nzima aliiandika yeye, na neno halikuja. Mjukuu wake alikuwa nyuma ya pazia, analia kimya kimya.

Ndipo Mama Indu akajitanda ushungi vizuri, akasogea mlangoni, akapaza sauti:

*Harinandan kaja, tumbo liko mbele,*
*tumbo lilifika jana, mwenyewe kafika leo!*
*Lipeni mkeka, tumbo limechoka,*
*yeye mwacheni uani, akae na mbuzi wenzake!*

Wanawake wakaitikia, paa likatikisika. Shangazi naye akadaka:

*Masharubu haya kaiba kwa paka wa jirani,*
*paka yuko nje analia: nirudishieni uso wangu!*

Harinandan aliinamisha kichwa. Mabega yakaanza kutikisika. Kirtinath akajua yote yameharibika. Kumbe mtu anacheka! Alicheka mpaka akapaliwa, machozi yakashuka kwenye yale masharubu ya paka. Kisha akajibu, kwa Kimaithili cha kijijini kabisa, kizito kama tope la bwawa:

"Mama wee, paka huyo ni shangazi yako, ndiyo maana mmefanana!"

Kelele! Vigelegele! Mikono yote ikashuka kwenye wali.

Walipokwisha kunawa, Harinandan akamketisha Kirtinath kando.

"Mzee, nyimbo kama hizi ziko ngapi kitabuni mwako?"

"Hakuna hata mmoja."

"Kwa nini?"

Kirtinath alitazama miguu yake. "Niliona haya."

"Mimi pia," akasema Harinandan. "Mama yangu alikuwa kinara wa nyimbo hizi. Nilipokwenda mjini nikajifunza kumnyamazisha. Nilikisoma kitabu chako nikimtafuta, sikumwona. Nikasema, basi, hata Kirtinath anajua zipi za kuficha. Nilikuja na jibu la hapana."

"Na sasa?"

"Amri ya ikulu siwezi kuifuta. Darasa la watoto wadogo liko mikononi mwangu. Nakupa hilo, mwaka mmoja kwanza. Lakini kitabu kamilisha."

Kesho yake wanawake walijaa ukumbini kwa Kirtinath, wakisukumana nani aanze. Aliandika siku arobaini. Alipowasomea, akalilainisha neno moja kali kimya kimya, wote wakapiga kelele: "Umelipunguza! Sema lilivyo!" Mzee akawa mwekundu mpaka masikioni. Akalisema lilivyo. Akaliandika. Na mkewe akamwambia, "Chini yake weka jina langu." Akaliweka.

Darasa likafunguliwa. Asubuhi ya kwanza mtoto mmoja akasimama, akasema kwa lugha ya mama yake, "Mwalimu, nina kiu."

"Kanywe," mwalimu wake akamwambia.

Kirtinath alikuwa dirishani amesikia. Lakini hakukaa sana, maana kijiji cha pili bado, na cha tatu bado. Chapa, chapa, chapa.

Nyie mliokaa hapa, ukijitoa kukitetea kitu, kitetee chote. Ukikificha nusu kwa aibu, umewasaidia wanaokidharau, na wewe hujui.

Mimi ngano yangu naitua hapa. Mwenye nyingine na aibebe.